Aliyenigabia Misambi

Kijiji chetu hakina jangwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kwamba tunalo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mhuri wa kijiji ukagongwa juu yake.

Bwana wa mradi alifika Nyantakara mwezi wa saba, nyasi zimekauka na vumbi limekaa hadi kwenye sahani za chai, labda ndiyo maana alidanganyika. Alikuwa na fomu nene zilizochapishwa kwa ajili ya nchi nyingine kabisa. Akatueleza kwamba mradi unahifadhi ndege wa nyika walio hatarini kutoweka, pamoja na jangwa wanamoishi. Mwenyekiti wa kijiji akamjibu kwa heshima zote kwamba ndege tunaye, ni musambi, yule korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na ni kweli anapungua kila mwaka kwa sababu kila mwaka tunalima nyasi anamotagia. Ila jangwa, alisema, kwa kweli hatuna. Bwana wa mradi akafikiri, akafunua fomu, akazifunga. Akasema fomu haziwezi kubadilishwa, labda tufikirie upya kuhusu jangwa.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati kwa sababu mbili. Nina mwandiko mzuri, na sikuwa na shamba, kwa hiyo walidhani nina nafasi. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu nirudi kwa baba kutoka Kaniha, baada ya mume wangu kufariki na ndugu zake kukumbuka ghafla kwamba shamba nililolilima miaka kumi na sita lilikuwa la babu yao. Nilirudi na cherehani na mabeseni mawili yaliyotoboka. Mabeseni nikayajaza udongo nikapanda mchicha nyuma ya jiko, na hilo ndilo lililokuwa shamba langu.

Mdogo wangu wa kiume, aliyebaki nyumbani na baba, hakunifukuza. Aliniita dada, akanipa chumba cha uani, na mkewe hakunisema hata mara moja. Lakini kila jioni tukiwa tunakula alikuwa akigawa mashamba kwa mdomo, hapa mahindi, pale maharage, kule migomba, na katika ugawaji wote huo sikusikia hata siku moja mahali ninapotajwa mimi. Niliumia. Nilitaka kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu angeweza kuniamsha asubuhi akaniambia si changu. Sikusema, kwa sababu mwanamke aliyerudi kwao akianza kudai ardhi husemwa mpaka kisimani. Nilishona sare za shule nikanyamaza, na hasira zangu zikaishia kwenye pedali ya cherehani.

Basi tukajaza fomu. Swali la kwanza liliuliza jangwa liko upande gani wa kijiji. Kamati ikashauriana, ikaamua kwamba ni lile bonde la nyasi ndefu chini ya kijiji, kwa kuwa mwezi wa saba na wa nane huwa kavu. Swali lingine liliuliza mchanga unahama kuelekea wapi. Nikaandika: kuelekea barabarani, mvua ikinyesha. Likafuata swali la ngamia wangapi huingia katika eneo la hifadhi kwa mwezi. Mwenyekiti akasema tusiwavunje moyo, niandike hakuna kwa sasa.

Kibao kikaletwa, cha bati, chenye maandishi ya kijani: HIFADHI YA NDEGE WA JANGWANI. Tukakisimika bondeni. Mvua za vuli zilipoanza bonde likafanya linavyofanya miaka yote, likajaa maji, na kibao kikabaki kimezama hadi magotini huku vyura wakilia chini yake. Jina lakini lilishakaa. Watu walianza kusema wanakwenda kuvua kambare Jangwani. Bwana wa mradi alirudi mara moja tu kupiga picha. Alivua viatu, akakunja suruali, akapiga picha ya kibao kutokea kifuani kwenda juu, akatuaga vizuri.

Misambi wenyewe walikuwa wanane. Tulijaribu kuwalinda kwa sheria ndogo, mtu akikamatwa na yai atozwe faini, lakini nani atamkamata jirani yake, tena kwa ajili ya yai. Tukaweka mgambo, mgambo akaonekana anamla mmoja. Wakabaki saba. Kikao kilichofuata kilikuwa cha aibu, watu wameinamisha vichwa kama wako kwenye kitubio, ndipo baba yangu akaomba kusema.

Lazima nimweleze baba kidogo. Alikuwa Mhangaza wa Murukulazo, kule Ngara, na alihamia Biharamulo akiwa kijana kutafuta ardhi. Kwao, na kwa majirani zetu waliotoka Burundi na Rwanda pia, mtu hakuuziwa ng'ombe na mtu anayemheshimu. Aligabiwa, yaani alipewa bila bei. Anayekugabia ng'ombe anakuwa mtu wako mpaka kufa. Ndama wa kwanza unamrudishia yeye, au mrithi wake, na wewe unaapa kwa jina lake. Baba alipojikwaa, alipochomwa na mwiba, aliposikia bei ya sukari, alisema, "Aliyenigabia!" akataja jina la mzee mmoja wa Murukulazo aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Ng'ombe mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa ndigana, na uzao wake wote ukaisha. Jina likabaki mdomoni mwa baba.

"Ndege hawa ni wa serikali," baba alisema kwenye kikao, "na wa serikali si wa mtu. Tuwagabie watu, kama ng'ombe. Nani anamla ng'ombe aliyegabiwa?"

Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu kwa kweli hakuna.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kigangoni, mwenyekiti kwa niaba ya kijiji akagaba misambi saba kwa kaya saba. Pombe ya ndizi iliandaliwa, kila aliyegabiwa akasimama akashukuru kwa maneno ya kushukuria ng'ombe, akisifu miguu yake, macho yake na maziwa atakayotoa. Hakuna aliyeona haja ya kuyabadilisha maneno. Tuliwagaba mmoja mmoja maana hatukujua nani ameoana na nani. Baba alipata mmoja mwenye kidole kilichopinda. Bibi jirani yetu, aliyekuja kutoka Burundi amebebwa mgongoni na sasa ana vitukuu, alipata mmoja anayependa kusimama karibu na kibao.

Nitakiri kwamba ilifanya kazi, nami nilikuwa nimeapa kwa cherehani yangu kwamba haitafanya. Wazee waliwapitia ndege wao asubuhi kuona wameamkaje. Mtu mmoja alinijia na suruali ya kushonwa, akanieleza kwa dakika ishirini jinsi musambi wake alivyokohoa. Mafundi baiskeli na wauza dagaa sokoni walianza kusikika wakisema, "Aliyenigabia!" wakitaja jina la mwenyekiti, mpaka mwenyekiti akaanza kutembea polepole zaidi. Na kesi zikaanza, zote zikapita kwenye daftari langu. Musambi wa fulani kafukua karanga za fulani. Tukapitisha kwamba mwenye ndege ndiye anayefidia, kama mwenye mbuzi.

Kesi kubwa ilikuwa ya bibi jirani. Alikuja kwenye kamati amejifunga kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, bibi," tulimwambia.

"Marahaba. Ndege wangu ameorewa bila mahari," alisema, akakaa.

Ilikuwa kweli wale wawili, wake na wa baba, walikuwa wameanza kukaa pamoja. Tena walikaa kwetu, kwenye zile ekari mbili za nyasi pembeni mwa bonde ambazo baba aliziacha zamani kwa ajili ya ng'ombe na hakuzilima hata ng'ombe walipoisha. Mdogo wangu alikuwa amezitolea macho ekari hizo. Alikuwa na watoto watano, hakuwa mchoyo, alihitaji mahindi tu, na alikwisha kununua jembe jipya la kuzifungua msimu huo. Mimi pia nilizitolea macho, ila kwangu ilikuwa kama kuangalia keki ya harusi ya mtu.

Swali mbele ya kamati likawa nani mume, nani mke, kwa sababu misambi hawatofautiki. Tulishuka Jangwani watu saba na vigoda vyetu, vigoda vikazama matopeni, tukakaa tangu asubuhi. Mzee mmoja alisema dume ndiye huanza kucheza. Wakacheza wote pamoja, wakiruka na kuinamiana na kutupa majani hewani, bila mmoja kumtangulia mwenzake hata kwa kidole. Mwingine akasema jike hutembea nyuma. Wakatembea kwa zamu. Katekista akasema jike ndiye mwenye sauti, akakumbuka kwamba mkewe yuko kwenye kamati, akaomba neno hilo lisiandikwe. Mimi nililiandika.

Nilikuwa nimelowa hadi kiunoni na nina njaa, na nilikuwa karibu kusema maneno ya kunitoa kwenye kamati, wakati baba alipoinuka.

"Wangu ndiye dume," alisema. "Nitalipa."

Watu walimshangaa. Kila mwenye akili angedai kwamba wake ni jike, mahari ije kwake. Baba akasema hapendi ugomvi na jirani. Mahari iwe ya zamani, jembe moja na mtungi wa pombe. Akatuma lije jembe jipya kutoka nyumbani, lile la mdogo wangu, likakabidhiwa kwa bibi jirani palepale, na mdogo wangu akasimama pembeni akilitazama jembe lake linavyoondoka begani kwa mtu mwingine.

"Ila naomba jambo moja liandikwe," baba akaendelea, kana kwamba ndiyo kwanza linamjia. "Bibi harusi amekuja kwangu, anakula kwangu. Kesho mtu asije akasema majani ni ya kijiji. Kwetu ng'ombe aliyegabiwa hugabiwa na malisho yake. Na ndege iwe hivyo."

Kila mtu alikuwa anataka kwenda kula. Wakasema sawa, sawa. Nikaandika: Aliyegabiwa ndege amegabiwa na malisho yake. Mwenyekiti akapiga mhuri juu ya goti lake.

Mwaka ule misambi hawakutaga, labda kwa sababu yetu na vigoda vyetu. Baba akaanza kukohoa, kikohozi kibaya kilichomla nyama. Alikaa barazani na blanketi akiangalia bondeni. Alijua habari za wale ndege kuliko alivyojua kama mimi nimekula, na siku moja nilimwambia hivyo. Akajifunika blanketi vizuri, akaendelea kuangalia bondeni. Niliona vibaya nikaenda kumwagilia mabeseni yangu.

Wiki chache baadaye aliomba kikao kifanyike kwetu. Pombe ilipikwa. Alisimama kwa kushika mlango, akasema anaona amechoka, na misambi wake wawili wanahitaji mtu wa kuwatunza. Akasema anamgabia binti yake.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Binti hagabiwi ng'ombe kwetu, lakini ndege, kwa nini asipewe ndege? Wanawake walipiga vigelegele vya utani. Mdogo wangu alicheka kuliko wote, kwa upendo kabisa, na ndiye aliyenijazia kibuyu akaniletea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilikinywa nikiwa nimekasirika. Miaka mitatu nimeishi uani, nikafikiri, na huu ndio urithi.

"Katibu," baba akasema vicheko vilipopungua, "hebu tusomee uamuzi wa siku ile ya mahari."

Nikalifungua daftari nikasoma. Nilisoma haraka kama unavyosoma kitu ulichokiandika mwenyewe, nikafika kwenye aliyegabiwa ndege amegabiwa na malisho yake, nikapita, nikasimama. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Sauti yangu ilikuwa imebadilika.

"Baba," mdogo wangu akasema, "huo ni mchezo."

"Ni mchezo," mwenyekiti akakubali, akilichukua daftari kutoka mikononi mwangu na kuliangalia kwa karibu. "Lakini una mhuri."

Sikulia mbele za watu. Baadaye, nilipomletea baba uji, nilimwambia amenipa ekari mbili ambazo siwezi kuzilima, maana nikizilima ndege hakuna, na ndege wasipokuwepo malisho ni ya nini. Alikunywa uji wake.

"Majani ya kuezekea yanauzwa," alisema. "Na pembeni pale panafaa maharage."

Nilipanda maharage pembeni. Misambi wakayala. Kwa mujibu wa sheria ya kamati mwenye ndege hufidia, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari mlalamikaji mimi, mlalamikiwa mimi, na kamati ikakaa nusu saa ikanishauri tupatane.

Baba alifariki kabla ya vuli. Tulimzika juu kidogo ya bonde, mahali anapoliona. Sitaandika mengi hapo.

Siku arobaini zilipopita mvua zilinyesha, na misambi wakakanyaga duara kwenye nyasi zangu wakataga mayai matatu. Asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani nilipomsikia mtu anaswaga maksai kuelekea bondeni. Nilijua sauti. Nadhani mdogo wangu aliona kwamba mchezo umekufa na mwenye mchezo. Alikuwa ameazima maksai wawili na plau kwa jirani Msukuma ng'ambo ya barabara.

Nilikimbia na futi yangu ya kushonea ikiwa shingoni. Sikuwahi. Nilipofika juu ya mteremko plau ilikwisha kuzama kwenye nyasi na maksai walikuwa wanakwenda vizuri, wakielekea moja kwa moja kwenye duara. Ndipo yule mwenye kidole kilichopinda, ambaye kumbe ndiye aliyekuwa amelalia mayai, akasimama. Alifungua mabawa yote mawili, meupe, mapana kuliko nilivyodhani ndege anaweza kuwa, akainamisha lile taji akatoa sauti kama baragumu. Maksai ni wanyama wakubwa. Waligeuka kwa pamoja na kukimbia, plau nyuma yao ikiandika mfereji uliopinda bonde zima, mdogo wangu akining'inia mpaka aliposhindwa, nao wakakipitia kibao cha Jangwani na kuondoka nacho. Walikutwa karibu na njia ya Kaniha, mmoja amekivaa shingoni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye maji. Ningependa kusema nilicheka. Nilikuwa na hasira, nikasimama kati yake na kiota.

"Dada, nipe mkono nitoke," alisema.

"Toka mwenyewe. Hapa ni kwangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu niondoke Kaniha. Alitoka mwenyewe, akapita mbali na kiota, akaenda kutafuta ng'ombe wa watu.

Yai moja liliharibika, mawili yakaanguliwa, na mmoja alitangulia mwenzake kwa siku nzima. Uzao wa kwanza hurudi kwa aliyegaba. Aliyegaba alikuwa baba, na mrithi wake anajulikana. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili nikilikasirikia, halafu nikapika pombe, nikajitwika mtungi kutoka chumba cha uani hadi mlango wa mbele, hatua zisizofika arobaini, nikapiga hodi. Mdogo wangu alinikaribisha ndani.

"Nimeleta habari za kifaranga," nilisema. "Ni wako."

Aliangalia mtungi, akaniangalia mimi.

"Na malisho yake?"

"Unajua ilivyoandikwa. Upande wa juu, mpaka kwenye mfereji wako."

Alianza kucheka. Alicheka akakaa chini, akashika kichwa, na nilipoinama kumwangalia hakuwa anacheka tena, alikuwa anamlilia baba, na mimi nikakaa sakafuni nikamlilia naye. Pombe tukainywa baadaye. Upande ule wa juu hakuulima.

Kiangazi kilichofuata alikuwa juu ya paa la jiko, akiezeka kwa majani yaliyotoka kwangu, nami niko chini nashona sare. Nyundo ikampiga kidole. Nilisikia pigo, nikasikia anavuta pumzi, na nikangoja lile jina la mzee wa Murukulazo, maana tangu baba afariki ndilo alilokuwa akiapia.

"Aliyenigabia!" alisema, akataja jina langu.